Ni Mingi, Lakini Si Kosa

Mume wangu alimvunja mkono jirani yetu wa Kinondoni kwa mpini wa jembe, na hilo sitalipamba. Waligombania mpaka wa shamba la mihogo, kila mmoja mkaidi kuliko mwenzake. Siku ya tatu akaenda kumwomba radhi, ikasomwa Fatiha, wakala sahani moja. Tukadhani yamekwisha, kumbe kesi ilikwishafika kwa hakimu.

Kwetu mtu akikosa hajitetei. Huinamisha kichwa akasema, "Nimekosa, uamuzi ni wako." Aliyekosewa akishasikia hayo huona haya kumkomoa, humpunguzia. Basi hakimu, Mzungu, alipomuuliza kama ana la kusema kabla ya hukumu, mume wangu aliinama akasema hayohayo. Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa hakutoa sababu yoyote ya kupunguziwa, akampa miaka mitatu.

Nilikuwa na mimba ya miezi minne, baada ya mbili kuharibika. Tukakata rufaa, si kwa kukana kosa, bali adhabu ipungue, baba arudi mtoto akiwa bado wa kubebwa. Nilikwenda gerezani nikamfundisha kama mwanafunzi wa chuo cha Kurani: taja mimba yangu, taja mama yako asiyeona, taja suluhu na jirani. Akaitikia yote.

Siku ya rufaa jirani mwenyewe alifuatana nami kwa miguu, mkono wake umepinda, tayari kusema amesamehe. Hakuna aliyemuuliza. Jaji akamuuliza mume wangu ana nini cha kuongeza. Akanitazama, kisha akainamisha kichwa.

"Nimekosa, bwana. Uamuzi ni wako."

Nilitamani kumrushia kiatu.

Jaji alisoma kwa Kiingereza, akasoma sana. Nje nikamshika mkalimani kanzu. Akanieleza kwamba jaji amesema angekuwa yeye tangu mwanzo angempa mwaka mmoja, lakini rufaa imekataliwa. Hakimu hakuambiwa habari za suluhu wala mimba, basi halaumiwi kwa kutozipima. Nikadhani mkalimani amechanganya mambo. Jaji si ndiye mkubwa wa yule hakimu? Nani anamzuia?

"Bibi, kupima adhabu ni kazi ya hakimu," akasema. "Mkubwa haigusi kwa sababu tu yeye angepima vingine. Mpaka hakimu awe amekosea."

"Na miaka mitatu kwa mkono mmoja si kosa?"

"Ni mingi. Lakini si kosa."

Nimeyageuza maneno hayo miaka yote, kama anayetafuta upande wa kuvalia kanga isiyo na upande. Siyaelewi bado.

Mwanangu alimwona baba yake kwa mara ya kwanza akiwa keshaanza kukimbia na kusema. Alipokuwa na miaka sita hivi alivunja mtungi wa maji. Akasimama mbele ya baba yake, kichwa chini, akasema, "Nimekosa, baba. Uamuzi ni wako." Mimi sikumfundisha. Mume wangu akatabasamu, akamsamehe palepale.

Mimi ndiye niliyemchapa. Nilimchapa huku nikimwambia aseme: aseme mtungi ulikuwa mzito, aseme ulimponyoka, aseme chochote. Alilia akinitazama, hajui kosa lake ni lipi, na mimi sikuweza kumwambia.