Mguu wa Daladala

Siku ya kwanza ya mafunzo ya udereva wa mwendokasi, mabasi yaendayo haraka, nilisimama upande wa kushoto wa basi nikingoja mlango ufunguliwe. Mkufunzi Mkuu akacheka. "Zunguka huku, mzee. Mwendokasi inashushia kulia. Vituo vyetu viko katikati ya barabara."

Shule niliiacha darasa la tano. Nimeuza mitumba Mchikichini, nimebeba samaki soko la Feri, nimeendesha daladala, sikukaa popote. Basi lile refu, lenye maungio katikati yanayojikunja kama kiwiko, ndilo lililonituliza. Kazi ngumu ilikuwa kuliegesha sawa na jukwaa, yaani sakafu ya kituo: pengo lisizidi kiganja, ili hata mwenye kiti cha magurudumu apite bila kuomba msaada.

Hilo nililiweza. Kilichonishinda ni neno moja. Nilipopewa abiria mara ya kwanza, tukikaribia Jangwani, mama mwenye furushi alipaza sauti: "Shusha!" Mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe, katikati ya njia. Nyuma yetu mabasi matatu yakakwama.

Mkufunzi Mkuu hakufoka. "Una mguu wa daladala. Tazama foleni ile pembeni. Sisi tumepewa njia yetu. Ukiiziba wewe, nani atafika? Ukirudia, utavua sare."

Nilikuwa na miaka hamsini na moja, sina cheti. Sare nyingine ningeipata wapi? Nikaamua mdomo uuzuie mguu. Kila aliyesema "Shusha!" nilimjibu upesi, "Kituoni, mama!" hata akiwa mwanaume.

"Mama yako nani?" alinikemea fundi seremala mmoja pale Magomeni, mwenye ndevu hadi kifuani. Abiria wakaangua kicheko. Lakini mguu ulitulia.

Sare sikuivua. Nikapangiwa njia ya Gerezani, baadaye ya Kivukoni, na mwishoni nikawa nafundisha madereva wapya. Kwenye Mtaa wa Msimbazi magari na mikokoteni vilibanana, sisi tukapita. Mama lishe mmoja, muuza chakula wa Kimara, aliniambia kwamba safari imekuwa fupi, siku hizi anakunywa chai na wanawe kabla ya kutoka. Mabasi yalipopungua abiria walitutukana, na walikuwa na haki. Hata hivyo kazi ile naiheshimu.

Juzi, mstaafu mimi, nilipanda kwenda Kariakoo kununua redio. Dirishani nikaliona duka nilitakalo. Mdomo ukaniponyoka: "Shusha!"

Dereva alikuwa dada ambaye sikumfundisha wala sijapata kumwona. Hakugeuka.

"Kituoni, mama!"

Basi zima likacheka. Alipoegesha, niliinama nikapima pengo kwa kiganja. Halikuzidi.