Nilivyomtoa Kemunto kwenye timu kwa sababu ya bendera

Wakuu, salamu kutoka Manga, Nyamira.

Hii kitu imekaa kifuani muda mrefu. Leo naitoa yote, hata ile sehemu inayoniaibisha mimi mwenyewe. Chumvi sitaongeza.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nafundisha timu ya mpira ya wasichana wa hapa kijijini. Wanatoka kuchuma majani chai, wanaazimana buti, tunaanza mazoezi.

Kepteni alikuwa Kemunto, miaka kumi na tisa, kiungo. Ule mguu wake wa kushoto, wacha tu.

Sasa mnaukumbuka ule mwaka. Vijana waliingia barabarani karibu kila kaunti, halafu miezi michache baadaye nchi hiyo hiyo ikawa inaimba timu ya taifa mpaka sauti zinakauka.

Kemunto alienda maandamano Kisii town. Hakurusha jiwe. Alibeba bendera ya taifa tu. Mtu akampiga picha, ikasambaa kila group ya WhatsApp.

Siku mbili baadaye nikapigiwa simu na mheshimiwa mmoja wa huku. Jina naliacha. Ndiye alikuwa ametuahidi basi la kutupeleka mashindano ya kaunti. Akaniambia yeye hasafirishi wahuni. Nichague basi au yule msichana.

Wakuu, nilichagua basi.

Nilijiambia nina wasichana wengine kumi na saba wa kufikiria. Asubuhi ya safari Kemunto alikuja na begi lake. Nikamvuta kando nikamwambia hasafiri nasi, hii ni siasa tu, itapita. Alitoa jezi ya kepteni kwenye begi, akaikunja upya vizuri, akanipa, akaenda.

Tulitolewa nusu fainali. Nilistahili.

Hapa wacha niseme kitu kinachoniudhi mpaka leo. Hawa waheshimiwa, kijana akishika bendera barabarani, kwao ni mhuni. Akiishika uwanjani, ni mzalendo na wanataka kumkumbatia. Bendera ni moja jamani. Rangi hazibadiliki ukitoka lami ukaingia kwenye nyasi.

Tuendelee.

Timu ya taifa ikaanza kushinda. Mheshimiwa akaleta screen kubwa kwenye uwanja wetu. Ilikuwa Jumapili, kwa hivyo hata sisi Wasabato tulijaa. Yeye alikuja na jezi ya taifa mpya kabisa, bado ina mikunjo ya dukani.

Akaniita pembeni. Akasema vijana wanampenda sana yule msichana wa bendera. Nimlete apande jukwaani wapigwe picha pamoja kabla mechi ianze.

Na mimi nikaenda kumwita. Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote.

Nilimkuta kwao nje ya jikoni, anamenya ndizi na mama yake. Nikaeleza nilichotumwa. Mama yake hakuinua hata macho. Kemunto aliniuliza polepole, "Mwalimu, siku ya basi uliniambia hii ni siasa. Leo unaniita kwa nini?"

Mama yake ndiye alimaliza. "Rudi kwa mtu wako, mwalimu. Sisi tuna kazi."

Nilirudi uwanjani. Nilimkasirikia yule mheshimiwa, na nilijikasirikia mimi niliyemfanyia kazi yake mara mbili.

MC akanipa maiki nimkaribishe mgeni. Nikasema kwa Kiswahili, nikarudia kwa Ekegusii ili wazee wasikie vizuri: huyu aliyevaa jezi ya taifa ndiye aliniambia nimtoe Kemunto kwa sababu alibeba bendera. Na mimi nilimtoa.

Maiki ikazimwa. Lakini walikuwa wameshasikia.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja tunayepeleka naye majani chai kwenye buying centre alisimama, akabeba kiti chake, akaenda nyumbani. Akafuata mwingine. Mpira ulipoanza, mbele ya ile screen walibaki walinzi wa mheshimiwa na watu wachache waliopenda mpira kuliko sisi wengine.

Kabla mniite shujaa, hapana. Shujaa angekataa lile basi. Mimi niliongea baada ya kuharibu.

Siku hizi hatuna mfadhili. Mechi za karibu tunaenda kwa miguu, na wasichana hawajawahi kulalamika.

Kemunto hakurudi. Anachezea timu moja ya Nyamache. Juzi tulikutana nao, wakatufunga mbili bila, na pasi zote mbili zilitoka mguu ule wa kushoto.

Nilichojifunza: mtu akikupa kitu ili umtoe mtoto wako, hajakupa kitu. Amekununua, na atarudi kukutumia tena.

Makocha na walimu mlio humu, niambieni ukweli, ile asubuhi mngefanya nini? Hata matusi leteni, nitayasoma.

Maana baada ya ile mechi ya juzi Kemunto aliwakumbatia wasichana wangu wote, mmoja mmoja. Aliponifikia mimi alinipa mkono kwa heshima, akasema, "Habari ya jioni, mwalimu," vile unavyomsalimia mgeni, akapita.