Mwaloni wa Bibi Norma na Namba Tano

Dionizi anafanya kazi katika kiwanda cha vizibo mjini Louisville, Kentucky, na hajawahi kuonja pombe. Watu wa Shively, kitongoji anakoishi, wanaomfahamu hupenda kuyataja mambo hayo mawili kwa pamoja, kwa sababu vizibo anavyochambua siku nzima kwenye mkanda wa mashine huenda kuziba chupa za wiski. Tena yeye ni mzee wa kanisa. Wakimtania, jibu lake ni moja: "Mimi nazifunga. Mwulizeni anayezifungua."

Ana miaka arobaini na sita. Alitoka Makamba, Burundi, akiwa na miaka kumi na minne, akakulia katika kambi ya Mtabila, Tanzania, na huko akajifunza kufuga nyuki kwa mzee mmoja wa Kiha aliyeishi nje ya kambi. Mizinga yao ilikuwa ya magome. Unachagua mti wa porini uitwao mtundu, ulionyooka, unaubambua gome lake lote kuuzunguka kwa urefu wa mkono mmoja na nusu, unalikunja likiwa bichi na kulishona kwa vijiti. Mzinga unakuwa mwepesi na mzuri, na nyuki wanaupenda. Lakini mti ukishabambuliwa hukauka ukiwa umesimama. Dionizi alitengeneza mizinga thelathini na moja. Idadi hiyo anaikumbuka kwa sababu anajua pia ilipokuwa miti thelathini na mmoja mikavu, na hajawahi kulisema jambo hilo kwa majigambo.

Ndiyo maana siku ya kwanza kiwandani ilimgusa kuliko wenzake. Wafanyakazi wapya walionyeshwa filamu fupi kuhusu mahali vizibo vinakotoka. Haikuwa na maneno, ila muziki tu. Ilionyesha nchi ya vilima huko Ureno, miti imeachana, kila mmoja na nafasi yake, na chini ya miti majani ya malisho. Nguruwe weusi walikuwa wakiokota mbegu zilizoanguka, kondoo wakipita, na mzee mmoja juu ya ngazi akipunguza matawi. Haukuwa msitu wa porini wala halikuwa shamba lililofyekwa. Ilionekana wazi kwamba watu waliishi na miti ile tangu mababu zao, wakilima kidogo, wakilisha kidogo, wakiacha kidogo. Miti mingine ilikuwa na majani madogo ya kijani kilichofifia, na hiyo ilikuwa ya kulisha nguruwe tu. Mingine ilikuwa na gome nene lenye mikunjo. Wanaume wawili walichanja gome la mmoja wa hiyo kwa shoka, taratibu, wakaingiza mpini wenye ncha bapa kama kabari, na gome likatoka zima kama mlango. Shina likabaki jekundu. Kisha mmoja wao akachukua brashi, akaandika tarakimu moja nyeupe kwenye shina: tarakimu ya mwisho ya mwaka ule. Baada ya miaka tisa mti ule ule ukaonekana una gome jipya.

Dionizi aliomba aonyeshwe tena. Msimamizi akamwonyesha mara tatu.

"Ni mti gani huu?" aliuliza.

"Mwaloni," msimamizi alimjibu, akageukia shughuli zake.

Mialoni Dionizi alikuwa nayo karibu. Nusu saa kwa gari kutoka Shively kuna shamba la Bibi Norma, mjane wa miaka themanini na miwili, lenye malisho mapana na mialoni mikubwa kumi na mmoja iliyoachana kama ile ya kwenye filamu. Familia saba za Warundi na Wakongo, ya Dionizi na ya jirani yake Polycarpe zikiwemo, zina mbuzi kumi na wanne hapo. Mbuzi wanakula vichaka na magugu ambayo Bibi Norma hana nguvu ya kuyafyeka tena, na yeye hataki malipo. Sharti lake lilikuwa moja tu: mialoni isiguswe. Siku mbuzi wakianza kutafuna magome, wote wanaondoka. Anayewatunza mbuzi hao pamoja na Dionizi ni Mushagalusa, Mkongo wa Bukavu, mtu wa kelele na mwenye moyo mzuri, ingawa si kila ushauri wake ni wa kufuatwa.

Jumamosi moja ya Mei, mwaka 2025, zamu ya kuwahesabu mbuzi ilikuwa ya Dionizi peke yake. Alikuwa amebeba shoka, gunia lililoloweshwa, na kopo dogo la rangi nyeupe. Alitaka mzinga. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa hajagusa mzinga, na sasa alikuwa ameona kwa macho yake mti unaotoa gome na kuendelea kuishi. Alichagua mwaloni mkubwa kuliko yote. Kwa tahadhari akabambua nusu tu ya mzunguko, kimo cha kifua. Mwezi wa Mei utomvu unapanda, na gome lilitoka kwa urahisi uleule aliouona kwenye filamu, jambo lililomthibitishia kwamba yuko sahihi. Akaliviringisha katika lile gunia lililolowa, ili gome lisikauke na kupasuka. Halafu akachovya brashi, akaandika kwenye mti uliobaki uchi: 5. Akasimama akautazama kwa furaha. Mwaka 2034 angerudi.

Kuomba ruhusa hakukumjia akilini, na hapo ndipo kosa lake lilipoanzia. Mtu akiamini kwamba hadhuru kitu, haoni sababu ya kuuliza mwenye kitu.

Saa tisa alasiri alikuwa amelitandika gome kwenye sakafu ya gereji. Binti yake Fides, mwenye miaka kumi na tisa, alikuja kuchukua baiskeli. Akasimama.

"Baba, hili umelitoa wapi?"

"Kwa Bibi. Usiogope, litaota tena. Miaka tisa tu."

Fides alitoa simu. Alisoma kimya, kisha akaanza kumjibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, akajirudi mwenyewe na kusema kwa Kiswahili, ili asieleweke vibaya.

"Baba, ule wa Ureno ni mwaloni wa aina yake. Uko peke yake. Huu wetu gome lake halirudi. Ukibambuliwa kuuzunguka, unakufa."

"Nilichukua nusu."

"Basi utakufa nusu, au labda wote. Hapa wanasema inategemea."

Dionizi alikaa juu ya ndoo. Mkewe Agata alitoka jikoni na unga mikononi, akaambiwa, akashika kiuno.

"Baba Fides! Miti thelathini na mmoja haikukutosha, ukatafuta wa thelathini na mbili?"

Wakati huohuo Mushagalusa alifika kuchukua funguo za lango la mbuzi. Alisikiliza, akalizunguka gome mara mbili, akakohoa.

"Bon, mzee, tusipanike. Mbuzi inakulaka maganda, Bibi mwenyewe alisemaka. Donc, basi, tutasema ni mbuzi."

"Halafu mbuzi wote kumi na wanne waondoke?" Agata akamwuliza. "Wa kwako wanne wamo."

"Hapana, tutasema ni mbuzi moja. Ile ya Polycarpe, ile iko na kichwa kigumu. Polycarpe ataelewa."

"Shemeji," Agata akasema, "mbuzi wa Polycarpe alikata kwa mstari ulionyooka?"

"Anaweza."

"Akaandika tano?"

Mushagalusa akamtazama Dionizi. "Weye uliandika?"

"Kwa rangi nyeupe," Dionizi akakiri.

"Mungu wangu. Sasa mbuzi iko na diplome." Akacheka mpaka akaegemea gari, na Fides naye akacheka, na mwishowe Dionizi mwenyewe akatabasamu kidogo. Kama Bibi Norma angeliona jeraha lile mwenyewe, angewafukuza wote. Kama angeambiwa, labda angewafukuza vilevile. Tofauti ilikuwa kwamba katika hali ya kwanza familia saba zingelipa kosa la mtu mmoja aliyenyamaza. Dionizi alisimama.

"Fides, vaa viatu. Kiingereza changu kinatosha kiwandani. Kwa toba hakitoshi."

Agata aliwazuia mlangoni. "Ngojeni. Bibi yangu kule Makamba alikuwa akichuna miti ya mivumu kutengeneza nguo za magome, zamani hizo. Mti hakuuacha uchi hata siku moja. Aliufunga kwa majani ya mgomba siku hiyohiyo, na baadaye gome likarudi."

"Agata, huku Kentucky migomba iko wapi?"

Agata alikuwa tayari amefungua friza. Alitoa pakiti nne za majani ya mgomba yaliyogandishwa, aliyoyanunua duka la Waasia kwa ajili ya samaki wa ubatizo wa kesho. "Samaki tutawafunga kwa karatasi ya foili," akasema. "Twendeni."

Walikwenda wote wanne katika gari la Dionizi, gome likiwa nyuma ndani ya gunia lake lililolowa.

Bibi Norma alikuwa barazani akimenya maharage. Dionizi alivua kofia, akasema sentensi aliyokuwa akiirudia njia nzima, bila kumsubiri Fides: "Nimekata mti wako. Si mbuzi. Ni mimi." Mengine akayatafsiri Fides.

Bibi Norma aliweka bakuli la maharage chini. Alichukua fimbo yake akatangulia malishoni, na wao wakamfuata. Aliuzunguka mwaloni wote, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jeraha. Ndipo akaanza kusema, na Fides akatafsiri kwa sauti ndogo. Babu wa mumewe alipolima hapa alipitisha jembe kushoto na kulia kwa mialoni hii, akaiacha kwa sababu ya nguruwe. Kila vuli nguruwe walinenepa kwa mbegu zake. Wazee waliipunguza matawi, wakailinda na moto, na kila mtoto wa nyumba hii alijua kwamba haiguswi. Uso wake ulikuwa mwekundu. "Na wewe," akasema, "ungeniuliza."

"Ndiyo," Dionizi akasema. "Ningeuliza."

"Hiyo tano ni ya nini?"

Dionizi akaeleza, Fides akatafsiri: filamu, Ureno, nguruwe weusi chini ya miti, shina jekundu, tarakimu ya mwaka, miaka tisa. Kisha, bila kuulizwa, akaeleza kuhusu miti ya mtundu, yote thelathini na mmoja, na kwamba alifurahi mno kusikia kuna mti usiokufa.

Bibi Norma alipiga hesabu kwa vidole. "Ulipanga kurudi nikiwa na miaka tisini na moja."

"Ndiyo, Bibi."

"Angalau unanitakia maisha marefu." Mdomo wake ulicheza upande mmoja. Kisha akaelekeza fimbo kwenye gunia. "Hilo gome bado ni bichi?"

Lilikuwa bichi. Wafugaji nyuki hawaachi gome likauke, kwa kuwa litapasuka likikunjwa, na tabia hiyo ya zamani ndiyo iliyouokoa mti. Dionizi na Mushagalusa waliliinua, wakalirudisha mahali pake, mkato kwa mkato. Lilikaa vizuri kwa sababu alikuwa amekata mstari ulionyooka. Wakalifunika kwa majani ya mgomba yaliyoanza kuyeyuka, na juu yake wakafunga mikanda ya kubania mizigo kutoka kwenye gari, sita kwa jumla, wakaikaza mmoja baada ya mwingine. Mwaloni ukaonekana kama mgonjwa aliyefungwa bendeji kifuani.

"Miaka themanini na miwili sijawahi kuona kitu kama hiki," Bibi Norma akasema.

"Sisi pia," Mushagalusa akamjibu kwa Kiingereza chake.

Hukumu ilitolewa hapohapo. Mbuzi wangebaki mpaka vuli. Dionizi angekuja kila Jumamosi kuyalowesha majani yale, bila kukosa hata moja. Mti ukiwa hai vuli ikifika, mbuzi wangeendelea kukaa. Ukifa, wangeondoka.

Alikuja kila Jumamosi, ishirini na mbili mfululizo. Shemeji yake Pantaleo alimwalika mjini Buffalo mwezi wa Julai, kwenye nyumba aliyoinunua mtaa wa Riverside, na Dionizi akakataa. Pantaleo akatuma ujumbe wa sauti ulioenea kwa Warundi wote mpaka mji wa mbali wa Hilliard: "Jamani, Dionizi hawezi kuja, anauogesha mti." Dionizi aliusikiliza, akaujaza mtungi wake.

Jumamosi ya pili ya Oktoba mbegu za mwaloni zilikuwa zinaanguka juu ya majani ya malisho. Walikuja wote, na Polycarpe pia, kwa kuwa alikuwa amesikia jinsi mbuzi wake alivyokaribia kusingiziwa. Bibi Norma akakaa kwenye kiti cha kukunja. Dionizi akalegeza mikanda, akayavua majani yaliyokuwa meusi na malegevu, akayatupa chini.

Gome lilikuwa mahali pake. Pembeni, kwenye mikato, kulikuwa na ukingo mpya uliovimba, wenye rangi ya biskuti.

Bibi Norma akainuka. Aligonga gome kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, akianzia chini. Sauti ilikuwa nzito. Akapanda, ikawa nzito. Kushoto nzito, kulia nzito. Katikati, kimo cha kifua, ikatoka sauti ya debe tupu. Akagonga tena pande zote za mahali hapo. Eneo lenye uwazi lilikuwa na upana wa kiganja kimoja.

Dionizi alipajua. Aliweka kiganja chake hapo, kikapaziba kabisa.

"Ni ile tano," akasema. "Gome limekataa kushika kwenye rangi."

Fides akatafsiri. Bibi Norma alitazama juu matawini, ambako majani yalikuwa mengi na yamegeuka mekundu kama ya mialoni mingine kumi, akatazama tena kile kiganja.

"Hapo pataoza kidogo," akasema. "Kwingine kote ni hai. Mbuzi wanabaki."

Mushagalusa akapiga makofi, Polycarpe akamkumbatia Dionizi, na Agata akaanza kufungua sufuria ya samaki, safari hii wakiwa ndani ya majani. Katikati ya kelele hizo Fides akaita akionyesha kwa kidole. Mbuzi wa Polycarpe, yule mwenye kichwa kigumu, alikuwa amesimama chini ya mwaloni akitafuna bendeji nzima ya majani ya mgomba, na kipande cha mwisho kilikuwa kikining'inia mdomoni.

"Bon," Mushagalusa akasema. "Sasa tunaweza kusema ni mbuzi."