Barua Niliyoandika Kuhusu Mama wa Anayenikanda

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa miaka themanini na moja, naishi Iringa, si mbali na Kalenga. Nilikuwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu ilikuwa kuwarudishia watu viungo kwa mazoezi na kuwakanda. Sasa moyo umechoka, miguu imejaa maji, na daktari amewaambia wanangu wanipe chochote ninachotaka kula. Aliyefanya kazi hospitali anajua maana ya maneno hayo. Ujumbe huu nimeuanza na kuufuta mara nne tangu juzi, mkiona naruka ruka mnisamehe.

Kuna mwanamke anakuja kunikanda siku tatu kwa wiki. Nimwite Tuna. Ana miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Kilolo aliyekulia Mbeya, na mikono kama yake sijaiona kwa yeyote niliyemfundisha. Hakandi watu wawili kwa namna moja. Mimi ananianzia kisigino cha kushoto. Jirani yangu hamgusi miguu kabisa, humshika mabega tu mpaka pumzi itulie. Na kabla hajamgusa mtu huuliza: "Leo nani anakuuma?" Haulizi wapi. Anauliza nani.

"Hakuna mtu, mwanangu," namjibu.

"Haya mama. Wewe unasema hakuna, mgongo unasema yupo. Nimsikilize nani?"

Anacheka, nami najilazimisha kucheka. Swali hilo nililisikia kwa mama yake kabla yeye hajajua kusema.

Nilikuwa bado kijana kazini, nimepangiwa hospitali moja kule Kilolo. Wagonjwa wangu walikuja mara moja, hawarudi. Nikaambiwa wanakwenda kwa mama mmoja mkandaji, nikaenda kumwona. Nilimkuta na mwanamke ambaye shingo yake haikugeuka. Mimi nilikuwa nimemfanyisha mazoezi mwezi mzima bure. Akamuuliza, nani anakuuma? Yule akajibu, "Mama mkwe." Mkandaji hakusema neno lolote juu ya huyo mama mkwe. Alimwacha alie, akapaka mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto, akakifuata kilio chake kwa vidole kutoka shingoni hadi katikati ya mabega. Mdogo wake mkandaji, wa kike, alikuwa pembeni akipasha maji. Shingo ikageuka.

Kisha akanitazama. "Na wewe dada wa hospitali, lala hapa. Nani anakuuma?"

Nililala kwa dharau. Mikono yake ilipofika chini ya mbavu nikajikuta namtaja mtoto wangu wa kwanza, niliyemzika bila kumlilia kwa sababu nilikuwa na mtihani. Nililia mbele ya mgonjwa wangu mwenyewe. Nilipoinuka mwili ulikuwa mwepesi, na yule mama nilikuwa namchukia.

Mnaotoka huku kwetu mnajua: ukimuuliza mgonjwa "nani", watu wanasikia unatafuta mchawi. Mimi nilijua hatafuti mchawi. Nilijua kuliko mtu yeyote, maana nililala pale. Lakini kesho yake nilimwandikia mtendaji wa kijiji barua isiyo na jina, kwamba mama huyu anapiga ramli chonganishi na mgonjwa amekwisha kumtaja mkwewe. Mkutano ukaitwa. Ukoo wa yule mkwe ukaja na fimbo. Mkandaji alijitetea kwa sentensi moja: "Mimi simtafuti mchawi, namtafuta mtu ambaye mgonjwa amembeba." Nani angemsikiliza? Alihamia Mbeya na binti yake mchanga mgongoni, akauza viazi sokoni mpaka alipokufa. Hakukanda mtu tena, ila alimfundisha binti yake ndani, mlango umefungwa.

Mimi nilihamishwa kwenda Mbeya baadaye. Niliwafundisha wanafunzi waanze kwa kumuuliza mgonjwa nani yuko moyoni mwake. Nikasifiwa kwa hilo.

Haya ya maisha ya mama yake Mbeya amenisimulia Tuna mwenyewe mwaka jana, akinikanda, asijue anamsimulia nani. Anajua barua ilikuwepo. Lakini katika waliokuwa chumbani siku ile, mtu wa kijijini aliyejua kuandika alikuwa yule mdogo wa mama yake tu, darasa la saba. Dada wa hospitali hakuna aliyemfikiria. Lawama ikamwangukia mdogo mtu, na ndugu hao wawili walikufiana wakiwa hai. Tuna hajawahi kukanyaga kwa mama yake mdogo.

Wiki iliyopita simu yake iliita akiwa amenishika mguu. Aliiweka sauti ya juu kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Alikuwa binamu yake wa Kilolo, mtoto wa huyo mama mdogo.

"Kamwene dada. Mama hainuki tena. Anakutaja wewe kila siku. Njoo hata umguse tu."

Tuna akasema, "Mwambie akakandwe na barua yake."

Akairudia miguu yangu, taratibu, kwa upole uleule. Baadaye akaniuliza, "Mama, mbona umekaza hivyo?" Nikasema ni baridi.

Tangu siku ile situlii. Nikikaa nataka kulala, nikilala nataka kuinuliwa. Mchungaji ameniambia Mungu amekwisha kusamehe, nisimtwishe mtoto wa watu mzigo nikiwa njiani kuondoka. Binti yangu amesema, "Ukimwambia hatarudi, sasa utakandwa na nani?" Nami nakiri kwamba hilo naliogopa kuliko kaburi. Mikono yake ndiyo saa pekee ninayopumua bila kuhesabu pumzi. Ila kule Kilolo kuna bibi kizee anakufa akilaumiwa kwa kosa langu, na sijui kati yetu nani atatangulia.

Tuna anakuja kesho saa tatu asubuhi. Ataweka mafuta yapate moto, atauliza nani anakuuma. Nishaurini kabla hajafika, na msinifariji: nimjibu hapohapo kabla hajanigusa, au nimwibie kukandwa mara moja ya mwisho, kisha nimwambie?