Chumba cha Ndani, Chumba cha Nje

Miaka ile ya themanini nilikuwa yaya kwa watu wa bara waliohamia Malindi kikazi. Mume alikuwa meneja msaidizi katika hoteli moja ya ufuoni, mke akifundisha shule ya msingi. Walipanga nyumba mtaa wa Barani. Mimi nilitoka kwetu Vitengeni nikiwa na miaka ishirini na miwili, nikaja kulea watoto wao watatu: msichana wa miaka sita, mvulana wa miaka mitatu asiyeona kitu kirefu bila kukipanda, na kitindamimba aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Niliwaita Baba na Mama kama watoto walivyowaita. Wao waliniita dada.

Mwaka mmoja msimu wa wageni ulikwenda vizuri mno, na mwenye hoteli akamzawadia Baba safari ya meli ya watalii, kutoka Mombasa hadi Shelisheli na kurudi, yeye na familia yake. Mama akasema hapandi meli na watoto watatu bila mimi. Nikatafutiwa pasi. Nilipopigwa picha yake nilikodoa macho kama mtu aliyeshikwa akiiba, na picha hiyo ninayo hadi leo.

Shida ilianza Baba aliporudi kutoka ofisi ya wakala wa safari na karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Alipoikunjua ilifunika meza nzima ya chakula. Ilikuwa ramani ya meli. Walipewa vyumba viwili, nao wachague vipi, na jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa.

Jumapili mchana, watoto wawili wamelala, Baba na Mama waliiinamia ile karatasi. Mimi nilikuwa kwenye mkeka nikikunja nepi, mdogo amekaa miguuni pangu. Niliitupia jicho ramani nikaona visanduku vingi vyenye nambari, vimepangwa safu kama wodi za hospitali.

"Hiki kina vitanda vinne," Baba alisema. "Dada na watoto wote watatosha."

"Na huyu mdogo nimnyonyeshe vipi nikiwa huko mwisho wa meli?"

"Huko si mwisho. Huko ni mbele."

"Mbele ni hapa penye ncha."

"Hapa penye ncha ni juu. Hii ni ghorofa nyingine."

Wakaigeuza karatasi. Wakaigeuza tena. Mwalimu mwenzake alimwambia Mama kwamba mbele meli hurusha watu, watoto watatapika. Mgeni mmoja wa hoteli naye alimwambia Baba kwamba nyuma injini hunguruma usiku kucha. Kwa hiyo wakataka katikati, lakini katikati kulikuwa na ngazi, na Mama akamkumbuka mwanawe anayepanda kila kitu. Mazungumzo yakawa yanakwenda na kurudi palepale mpaka Baba akaweka kalamu chini.

"Muulize anayeshinda nao."

Mama akanigeukia. "Dada, wewe waonaje? Kuna vyumba vya ndani na vyumba vya nje. Watoto wakae wapi?"

Hakuna aliyenieleza maana ya ndani wala nje, na mimi sikuona kwamba maneno hayo yahitaji kuelezwa. Kwetu watu hulala nje kukiwa na matanga ya msiba. Niliona mikeka imetandikwa juu ya meli, upepo wa bahari ukivuma, na yule mvulana akibingirika usingizini kuelekea ukingoni.

"Ndani," nikasema. "Watoto hawalali nje, Mama. Hata ikiwa ni bure."

Walitazamana. Kisha Mama akapiga paja. "Kweli! Yule mpanda kila kitu akiona dirisha atalipanda."

"Kumbe mtaalamu tunaye nyumbani," Baba akasema, akaandika.

Sikuelewa dirisha limeingiaje, lakini nilikuwa nimesifiwa, na aliyesifiwa hana uso wa kuuliza. Wakaamua hivi: mimi na wakubwa wawili tukae chumba cha ndani, na ng'ambo ya ujia, mlango ukitazamana na wetu, wao wakae chumba cha nje pamoja na mdogo.

Jioni nilimfuata Mama jikoni. Moyo haukutulia.

"Mama, na huyu mdogo? Kwa nini naye asije kwangu ndani?"

"Usiku huamka kunyonya. Usijali, nitamfunika vizuri."

Nitamfunika! Basi ni kweli, nikawaza, watamlaza kwenye umande. Sikujua kama huo ndio ustaarabu wa watu wa melini au ni wazimu. Nilipokwenda Vitengeni kuaga nilimweleza mamangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Watu na fedha zao, walale nje?"

"Ndivyo walivyosema, mayo."

"Nawe ulale ndani?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa. Alinipa chupa ya mafuta ya nazi nimpake mtoto kifuani dhidi ya baridi. Mimi mwenyewe nikaongeza sweta mbili, blanketi zito, na kipande cha turubai nilichokiomba dukani, mvua ikinyesha tumwezekee kitoto.

Tulipandia meli Mombasa asubuhi. Tulipita ujia mrefu wenye zulia na milango inayofanana kama mbegu za boga. Mama akafungua wa kwao. Nikaona kitanda kikubwa, kitanda kidogo cha mtoto, kioo, taa, dari, na kidirisha cha mviringo chenye kioo kinene ambacho nyuma yake kulikuwa na bahari. Nilisimama mlangoni na turubai kwapani.

"Hapa ndipo nje?"

"Ndipo. Huoni maji yale pale?"

Nikaona maji. Nikavuka ujia, nikafungua chumba changu. Vitanda vilikuwa vimepandana, kimoja juu ya kingine, na kuta zilikuwa nne tupu. Mvulana akaingia mbio, akafungua kabati, akachungulia ndani, akafungua na mlango wa choo.

"Yaya, bahari iko wapi?"

"Iko nje," nikamjibu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa, lakini nusu tu.

Siku ya pili bahari ilichafuka kidogo. Baada ya chakula cha mchana muuguzi wa meli alinipa kidonge cha kichefuchefu. Nikawalaza wale wawili, nikazima taa, nami nikajilaza. Nilipozinduka kulikuwa giza totoro na kimya. Saa sikuwa nayo. Mwili ulinambia nimelala usiku kucha, nikauamini. Nikawaamsha watoto, nikawaosha uso, nikawapigisha mswaki, nikawavisha nguo safi na kutandika vitanda.

"Yaya, tulikula chakula cha usiku?" msichana aliuliza.

"Usingizi uliwachukua mapema."

Nilisema hivyo huku roho ikiniuma kwamba wamelala na njaa, na kwamba Mama hakuja hata kuwaangalia. Ule ujia ulikuwa na taa zilezile za jana. Nikawashika mkono hadi ukumbi wa chakula. Mhudumu mmoja, mtu wa makamo aliyesema Kiswahili kitamu cha Lamu, alikuwa akipanga vikombe.

"Nataka uji wa watoto," nikamwambia.

"Uji? Saa hizi, bibie?"

"Kwani saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi alfajiri?" Nikashtuka kwamba nimewaamsha mapema kiasi hicho.

"Alasiri, bibie."

"Alasiri ya lini?"

Yule mtu hakucheka, na namshukuru hadi leo. Alinitazama, akaweka vikombe chini, akanipeleka mpaka mlango mzito wa upande na kuusukuma. Jua lilinipiga usoni. Watu walikuwa wamelala juu ya viti virefu wakiota jua. Nikashika nguzo. Siku ilikuwa ileile, nami nilikuwa nimekwisha kuimaliza na kuanza nyingine. Msichana alicheka mpaka akakaa chini. Mvulana alishikilia kwamba anataka uji wake, yule mhudumu akawaletea maziwa na biskuti.

Mama alitukuta hapo akihema. Alikwenda chumbani akakuta hatupo na vitanda vimetandikwa, akakimbia meli nzima. Nilidhani atanigombeza. Aliketi tu, akamkumbatia mwanawe, akauliza kulikoni. Nikamweleza yote, ya asubuhi isiyokuwa asubuhi, kisha likanitoka na lile lingine.

"Mama, mimi sikujua nje ni nini. Nilidhani mwalala kwa mkeka, penye upepo."

"Na nilipokwambia nitamfunika?"

"Nilileta turubai."

Alifunika uso kwa viganja. Alicheka, mabega yakitikisika. Alipoondoa mikono macho yalikuwa na machozi, ya nini sijui.

"Nasi hatukujua tuchague kipi, dada. Ulivyosema ndani kwa nguvu vile, tulishukuru tu kwamba mtu ameamua."

Siku hiyohiyo tukahama. Baba akaenda chumba cha ndani peke yake, akisema huko atalala kama gogo. Mimi, Mama na watoto tukajibana cha nje. Haikupita muda mvulana akapanda meza, akabandika pua kwenye kile kidirisha. Hakikuwa cha kufunguka, ni kioo kilichokazwa kwa misumari, kwa hiyo hofu yetu yote ya dirisha haikuwa na maana. Lakini hatukuweza kumtoa pale. Alisinzia amesimama, shavu kwenye kioo. Dada yake naye kuyatazama maji yakipanda na kushuka kulimtapisha mara mbili, akalia apelekwe kwa babake gizani. Kesho yake mdogo alikataa kulala kwa mwanga, Mama akahamia naye ndani. Tukawa tunabadilishana kila siku. Ilifika mahali hakuna aliyejua nguo zake ziko chumba gani, na Baba alikwenda kula amevaa soksi ya Mama.

Asubuhi ya kurudi Mombasa nilibaki chumba cha nje nikifunga mizigo, mara ya kwanza kuwa humo peke yangu. Nilitafuta kiatu kimoja cha mvulana chini ya kila kitanda nikakikosa. Nikakaa, nikatazama kwenye kidirisha. Gati lilikuwa likipita polepole, na makuli na marobota juu yake. Sikuweza kujua kama linalokwenda ni lile gati au ni sisi. Nilikaza macho kwenye nguzo moja nipate hakika, sikuipata. Mama aliniita mara mbili kutoka ujiani ndipo nikainuka, nikabeba mfuko, nikatoka, na meli ilipofungwa gatini yule mvulana akashuka ngazi ya meli na kiatu kimoja.