Saa Moja Tuliyoiokoa Kilimani

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye kituo cha afya upande wa Kamuli, na majina yangeandikwa siku ya kwanza tu, mpaka saa sita mchana. Atakayechelewa angengoja ujio mwingine, na hakuna aliyejua ungekuwa lini.

Baba yangu alikuwa amebaki na jicho moja, nalo lilikuwa na ukungu. Mwezi ule alisimama mbele ya ng'ombe wa jirani akamsifia pembe, rangi na mwendo akidhani ni wake. Wachungaji walimwacha amalize, ndipo wakacheka. Tangu siku hiyo hakwenda tena malishoni. Alikaa ndani, akimuuliza kila anayeingia ng'ombe wamenywa maji wapi, na jibu lolote alilopewa halikumtosha.

Shemeji yangu, mume wa dada, mfanyabiashara wa Muleba, alijitolea gari lake na simu yake mpya. Simu ile aliinunua kwa sababu ya tangazo. Alikuwa ametuonyesha wote nyumbani: kijana ndani ya gari jeupe, msitu, njia panda, kisha sauti ya mwanamke ikimwambia akate kulia. Mwisho yanakuja maandishi: Simu inajua njia, hata pasipo mtandao. Fika mapema.

"Hili tangazo lilipigwa picha wapi?" nilimuuliza tulipokuwa tunafunga milango ya gari.

"Porini. Huoni miti?"

"Pori gani lina lami?"

"Shemeji, chuo kilikuharibu. Ukiletewa chai unauliza maji yametoka kisima gani."

"Na akionyeshwa kisima," baba akasema kutoka kiti cha mbele, "atauliza kilichimbwa na nani."

Siku hiyo ya kwanza tuliondoka Nyakakika saa mbili na nusu. Saa ya gari ilikuwa imekufa zamani, na hakuna kati yetu aliyevaa ya mkononi. Shemeji alibandika simu yake karibu na usukani. Mimi nilikaa nyuma na yangu magotini, ya kampuni nyingine, ramani ikiwa wazi, ili nizipambanishe. Niseme ukweli: nilitaka ya shemeji ikosee. Mara moja tu, mahali pasipo na madhara, halafu tuendelee na safari.

Haikukosea. Kwenye njia panda ya kwanza ilisema kushoto. Nikashusha kioo nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa anaanika kahawa, naye akanyoosha mkono kushoto. Ya pili ilitupitisha kati ya migomba, mahali ambapo ningeapa hapana barabara, na barabara ikawepo. Baba alipinga ya tatu. Alisema njia ya Kamuli inapita bondeni, yeye amepita huko na ng'ombe mara nyingi. Kijana wa bodaboda akatuambia kwamba bondeni daraja limevunjika, watu wanapita juu. Simu nayo ilikuwa imesema juu.

Tukapanda. Kilima kile kinatazama Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Rwanda. Barabara ilikuwa mawe matupu, na shemeji aliendesha akiwa ameuma mdomo. Tulipofika kileleni alitupia jicho simu, akapiga usukani kofi.

"Saa nne kasoro dakika kumi! Mimi nilihesabu tutakuwa hapa karibu saa tano. Imetuokolea saa nzima, baba! Fika mapema, si walisema?"

Nilitazama yangu. Saa nne kasoro dakika kumi. Nikatafuta swali, nikalikosa. Mashahidi wawili, kampuni mbili, jibu moja. Pia tulikuwa tumepita njia nisiyoijua, na njia usiyoijua huwezi kubishana nayo kuhusu urefu wake.

"Sema sasa," shemeji aliniambia kwenye kioo. "Sema nisikie."

"Nakubali."

"Baba ni shahidi."

Iliyobaki ilikuwa nusu saa ya kuendesha, nasi tulikuwa na saa mbili mkononi. Mimi ndiye niliyesema tusimame. Baba hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, na mbele yetu palikuwa na hoteli ya mabati, moshi ukitoka nyuma. Mama mwenye hoteli alisema chai ipo, ndizi ndiyo kwanza zinamenywa. Tukangoja ndizi.

Baba hakutulia. "Twendeni tukangojee huko huko."

"Kwa faida gani, baba? Ukakae kwenye benchi saa mbili?"

"Jua ni kali kuliko saa nne."

"Kilimani jua huwa kali."

Nilimjibu hivyo bila hata kufikiri, mimi ambaye shemeji alisema nahoji mpaka maji ya chai.

Ndizi zilikuja na maharage, zikifuka. Tulikuwa tunanawa mikono baada ya kula, saa tano kamili kwenye simu zote mbili, kengele ya kanisa ilipolia upande wa pili wa kilima. Mama mwenye hoteli akaweka sinia chini, akafanya ishara ya msalaba, midomo ikaanza kucheza. Baba naye akavua kofia.

Nilingoja amalize. "Mama, leo wamepiga mapema?"

"Mapema vipi? Sala ya Malaika wa Bwana husaliwa saa sita."

"Simu zinasema saa tano."

Alicheka mpaka akashika meza. "Mmeshikwa! Hiyo ni saa ya Rwanda. Simu zikifika hapa zinavuka mto zenyewe. Mwalimu mgeni alichelewa shule siku tatu, mwalimu mkuu akidhani ni mlevi."

Nilijua kwamba Rwanda wako nyuma yetu saa moja. Nimewahi kulijibu swali hilo kwenye mtihani wa jiografia nikapata alama zote.

Sikumbuki kulipa. Nakumbuka shemeji akiteremka kile kilima kama mtu anayefukuzwa, mawe yakigonga chini ya gari, na baba ameshika mkanda kwa mikono miwili. Katikati ya mteremko simu ilitetemeka mkononi mwangu. Saa tano na dakika kumi na mbili ikageuka saa sita na dakika kumi na mbili, mbele ya macho yangu. Sauti ya mwanamke haikubadilika hata kidogo. "Baada ya mita mia tatu, kata kulia."

Tulikata kulia. Kituo kilikuwa pale pale iliposema.

Muuguzi mlangoni alikuwa amekumbatia daftari lililofungwa. Nikaanza kumweleza habari za minara ya simu ya Rwanda, mto, saa mbili tofauti. Alinisikiliza kwa adabu.

"Dada, sasa hivi simu yako inasema saa ngapi?"

Nikaitazama. Sikuwa na ushahidi tena. "Saa sita na nusu."

"Basi. Kaeni pale. Asipotokea mmoja wa walioandikwa, nitawaita. Siahidi."

Tulikaa mpaka saa kumi. Kila jina lilipoitwa, niliomba mwenye jina asiwepo, na kila mara mzee wa watu aliinuka akashikwa mkono akaingia. Shemeji alikwenda kuosha gari lisilohitaji kuoshwa. Kisha likaitwa jina moja mara tatu, hakuna aliyeinuka, na muuguzi akatutazama sisi.

Daktari alimulika muda mrefu. La kushoto limekwisha, alisema, na halikwisha leo. La kulia ni mtoto wa jicho. Kesho saa moja asubuhi awe hapa, atalitoa.

Nje nilimwambia baba kwamba binamu yake anaishi karibu, tutalala huko.

"Karibu wapi?"

Shemeji akatia mkono mfukoni kutoa simu. Nikamshika mkono.

"Niacheni na blanketi," baba alisema, akipapasa benchi mpaka akapata mwisho wake, akakaa. "Nyie nendeni popote mtakapoambiwa. Mimi nimeshafika."