Mchango Wenye Kiwango

Juzi, katika ofisi moja hapa Ifakara, nilimkuta mkulima wa Lupiro amesimama mezani, dole gumba limeshapakwa wino. Binti yake alikuwa amechaguliwa kwenda chuo kikuu, na fomu ilitaka mzazi akubali kuchangia ada, ile ambayo redioni wanabishana kama ipandishwe tena.

"Ni mchango tu, mzee wangu," alisema karani. "Kiasi kimeandikwa hapo."

"Kwenye msiba sisi tunachanga. Mwenye mpunga analeta mpunga, asiye nao anachota maji. Hakuna anayeandikiwa kiasi."

"Huu umeandikwa."

"Na nisipoufikisha?"

Karani aliitazama fomu. "Binti anabaki nyumbani, baba."

"Basi hicho ni kiingilio. Mngesema tangu mwanzo."

Mzee alijifuta wino kwenye suruali, akairudisha fomu.

Simlaumu karani, neno hakulitunga yeye. Na huenda ni kweli serikali haina fedha. Lakini nilitoka nyuma ya mzee, nikamsikia binti akiuliza barazani, "Wamekubali, baba?"

"Wao wamekubali, mama," alijibu. "Aliyekataa ni mimi."